Kitambulisho cha Mchinjaji wa Mamboleo

Mji wa Kisumu ulikula nyama ya mkono wa Hemedi Yahya kwa miaka ishirini na tisa, na siku serikali ilipotaka kuambiwa Hemedi Yahya ni nani, hakutokea hata mmoja wa kusema. Kuna mahali katika habari hii msomaji atacheka, na acheke tu, ruhusa. Hemedi mwenyewe hakucheka.

Kazi yake ilikuwa kuchinja. Aliianza mwaka wa 1967 akiwa na miaka kumi na minane, akimfuata nyuma baba yake, Mzee Yahya, mchinjaji tangu enzi za mkoloni. Kila alfajiri alifika kichinjioni upande wa Mamboleo na visu vitatu vimeviringishwa ndani ya gunia safi. Mwenye bucha mjini anaweza kuwa Mjaluo, Mluhya au Mhindi, lakini anayetia kisu shingoni mwa ng'ombe sharti awe Mwislamu, ili kila mteja ale bila wasiwasi. Kwa hiyo karani, mwalimu, askari, mhubiri na mlevi wote walikula kwa mkono wa Hemedi, na wengi wao hawakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Baba yake alilijua hilo, ndiyo maana alimwekea sharti moja tangu siku ya kwanza: ukiwa na hasira, mpe mwenzako kisu. Mzee Yahya alisema mnyama hana kosa, na mkono unaotetemeka humtesa. Kwa sharti hilo Hemedi alikuwa amempa mwenzake kisu mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka.

Mapema mwaka wa 1996 likaja tangazo la vitambulisho vipya. Vya zamani vingekusanywa, na kila mtu mzima ajiandikishe upya. Pale kichinjioni mkaguzi wa nyama, Bwana Masinde, akabandika karatasi mlangoni: mchinjaji yeyote ambaye hangeleta kitambulisho kipya kufikia mwisho wa Oktoba, kibali chake kingefutwa. Hemedi aliisoma akaendelea kunawa mikono. Kitambulisho cha zamani alikuwa nacho, kilitolewa Kisumu, kina picha yake akiwa bado na nywele. Aliona ni suala la kubadilisha kadi tu.

Mwezi wa Machi akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda kupanga foleni kwenye ofisi ya vitambulisho. Alifika mezani saa nane mchana. Karani alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, tai shingoni, jina lake Joram.

"Jina, Mzee?"

"Hemedi Yahya Hamisi."

"Kabila?"

"Mswahili."

Joram akainua macho. "Hiyo haiko kwa list. Wewe ni kabila gani, yaani ukweli?"

Hapo ndipo Hemedi alipojikwaa, na alijikwaa kwa namna ambayo mtu wa Kaloleni peke yake angejikwaa. Watu wa mtaa ule wanapenda kuhesabu babu zao. Kwenye harusi, kwenye maulidi, hata kwenye foleni ya maji, mtu atakuambia babu yake alitoka wapi, alikuja na nani, akaoa wapi, na kadiri babu alivyotoka mbali ndivyo msikilizaji anavyotikisa kichwa kwa heshima. Ni sifa. Basi Hemedi akavuta pumzi, akamhesabia karani kwa fahari kama ambavyo angemhesabia mkwe. Babu yake Hamisi alikuwa Mmanyema wa Ujiji, akaja na watu wa reli. Akamwoa Nakhungu, Mbukusu, akamsilimisha. Akazaliwa Yahya hapa hapa, na Yahya akamzaa yeye hapa hapa.

Kalamu ya Joram ilisimama penye Ujiji.

"Kwa hivyo nyinyi ni watu wa Tanzania."

"Nani kakwambia? Mimi nimezaliwa Kisumu. Baba yangu kazaliwa Kisumu."

"Na nyanya wa Kibukusu hatuhesabu, Mzee. Tunafuata upande ya baba. Haya, nyumbani ni wapi?"

"Kaloleni."

"Kaloleni ni estate. Mimi nauliza nyumbani. Pahali babako alizikwa."

"Makaburini kwa Waislamu, hapa mjini."

"Hiyo ni makaburi ya mji. Kila mtu ako na nyumbani, Mzee. Hata mimi nalala Kondele lakini Kondele si nyumbani." Akasukuma fomu pembeni. "Lete kipande ya babako. Na karatasi yoyote ya babu. Alafu utaenda kwa kamati ya wazee, wakuangalie."

Hemedi akatoka. Alitembea mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akijibu maswali ambayo hayakuwepo tena. Mkewe Rehma alimsikia tangu uchochoroni.

Kipande cha Mzee Yahya! Kipande kile cha mkoloni, ambacho wanaume walivaa shingoni kwenye mkebe, Mzee Yahya alikuwa amekichoma moto uwanjani usiku wa uhuru, mbele ya watu, huku akicheza. Aliwaambia wanawe kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu atakayewauliza karatasi katika nchi yao. Sasa mwanawe alikuwa anadaiwa karatasi ile ile, na wanaoidai ni serikali ya watu weusi. Hemedi alisema maneno mengi jioni ile, na mengi yao hayaandikiki.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Rehma alikuwa ameshapiga picha na kutiwa wino vidoleni bila kuulizwa zaidi ya jina. Baba yake Rehma alikuwa Mjaluo wa Ahero aliyesilimu, na kina baba zake wadogo wangali na boma huko kati ya mashamba ya mpunga. Karani aliposikia Ahero aliandika Ahero. Nyumba moja, kitanda kimoja, mke ni mwananchi na mume ni mgeni.

"Si kosa langu, Baba Saumu," Rehma alimwambia.

"Nimesema ni kosa lako?"

"Unaniangalia hivyo."

Hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa akiangalia ukuta na kumwona Joram.

Akaenda tena Aprili, akiwa na cheti cha kifo cha baba yake. Hakikutosha, kilionyesha mtu alifia wapi, hakikuonyesha alitoka wapi. Akaenda Mei na barua ya chifu. Chifu aliandika kwamba anamfahamu mwenye barua kama mkazi, na Joram akaliwekea kidole neno mkazi, yaani si mwenyeji. Akaenda Juni kwa kamati ya wazee, kikao kikaahirishwa. Julai wazee walikaa, watu wanne juu ya viti vya mbao, na mwenyekiti wao alikuwa mtu ambaye Hemedi alikumbuka siku aliposhuka Kisumu kutafuta kazi mwaka wa 1974. Mtu huyo alimuuliza Hemedi alifika mji huu lini.

"Nilikuwepo nikikuona ukifika na sanduku la bati," Hemedi alijibu.

Faili likaandikwa kwamba mwombaji ni mkaidi, aletwe tena kikao kijacho. Kikao kijacho hakikutajwa siku.

Mwezi wa Agosti ndipo alipopandisha sauti mle ofisini. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Joram tangu asubuhi. Saa saba tarishi akaingia na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara. Joram akafunua. Ilikuwa nyama ya kuchemsha na ugali, mvuke bado unapanda. Akanawa kwenye kikombe, akakata tonge.

"Hiyo nyama nimeichinja mimi," Hemedi akasema. "Leo asubuhi. Huyo wa kibanda ananunua buchani kwa Salim, na Salim anachukua kwangu."

"Ni tamu, Mzee. Ahsante."

"Kama mimi ni mtu wa Tanzania, mbona unaila? Iache! Itapike!"

Foleni nzima ikageuka. Joram hakukasirika, na kutokasirika kwake ndiko kulikomchoma Hemedi kuliko kitu chochote. Alitafuna, akameza, akasema kwa upole, "Mzee, usilete siasa hapa. Mimi nafuata sheria tu." Akaendelea kula, na Hemedi akasimama pale akimtazama anavyolamba vidole mpaka alipotolewa nje.

Septemba ikaingia, karatasi ya Bwana Masinde bado iko mlangoni. Hemedi alikuwa hana kazi nyingine aliyoijua duniani. Alianza kumpa mwenzake kisu siku mbili, tatu kwa wiki, kwa sababu aliamka na hasira na kulala na hasira.

Basi Ijumaa moja Salim, yule mwenye bucha, akamfuata msikitini. Kulikuwa na matanga Pap Onditi, upande wa Nyakach. Mzee aliyefariki alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maduka ya Waislamu pale Kisumu, na marafiki zake wa mjini wangekwenda kwa wingi. Familia ilitaka mchinjaji, ili wageni wote wale sufuria moja. Ndivyo desturi ya huku ilivyo: kwenye kilio hupikiwi chungu cha pembeni kama mtu wa kutengwa, mwenye msiba anatafuta mkono ambao wote watauamini. Hemedi alikubali. Alikuwa hajawahi kukataa matanga.

Walifika Jumamosi asubuhi. Boma lilikuwa limejaa, turubai zimefungwa, wanawake wanapuliza moto, fahali mwekundu amefungwa kwenye mti. Hemedi alikwenda nyuma ya nyumba kunoa kisu, maana hakuna kunoa mbele ya mnyama, na akiwa pale akaja mtoto wa marehemu kumkaribisha. Hakuvaa tai. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mzee Hemedi!" Joram akasema, na akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nashukuru sana. Salim aliniambia ni wewe, nikasema Mungu yupo. Karibu nyumbani."

Hemedi alimpa pole, kwa sababu msiba ni msiba. Alijiambia kwamba marehemu hakumkosea neno, amalize kazi aondoke.

Lakini kabla ya mnyama kulazwa kuna jambo ambalo hufanywa kwenye nyumba za heshima. Mwenye boma husimama mbele ya wageni akamtaja mchinjaji, ni nani na mwana wa nani, ili asiwepo wa kula huku moyo wake una shaka. Joram akasimama. Akasafisha koo.

"Wazee wetu, Waislamu wetu mliotoka mjini, msiwe na wasiwasi na nyama ya hapa. Huyu ni Hemedi, mtoto ya Yahya. Baba yake ndiye alichinja ndume wakati baba yangu anaoa, mwaka ya fifti eiti. Babu yake pia alikuwa mchinjaji hapo Kisumu. Hawa ni watu ya Kisumu kabisa, wa asili. Sisi tunawajua tangu mababu."

Wageni wakaitikia. Fahali akalazwa, miguu ikakamatwa, kichwa kikaelekezwa kibla. Hemedi akapiga goti. Akaangalia mkono wake wa kulia, ukawa unatetemeka na kisu ndani yake.

"Mfungueni," akasema.

Wakadhani hawakusikia vizuri.

"Mfungueni ng'ombe. Sichinji. Nina hasira."

Fahali akaachiliwa, akasimama, akajikung'uta vumbi. Watu wakanong'ona. Mjane wa marehemu, Mama Milka, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, akatoka chini ya turubai akaja mpaka pale. Hakuna aliyemtazamia.

"Umekasirika na nini, Jaduong', mzee wetu? Sisi tumekukosea?"

"Wewe hujanikosea, Mama. Mimi sijakataa kazi yako. Lakini nimelelewa hivi: mwenye hasira hagusi mnyama, na mimi hapa nilipo naweza kukata mti huu." Kisha sauti ikamtoka yote, miezi saba ya sauti. "Mwanao ananijua! Kumbe ananijua, na baba yangu anamjua, na babu yangu! Tangu Machi nimesimama mbele ya meza yake, ananiambia mimi si mtu wa hapa. Kibali changu kinakufa mwezi ujao. Maneno aliyoyasema sasa hivi ndiyo niliyomwomba ayaandike. Hayo hayo! Ameyaficha miezi saba, leo ameyatoa kwa sababu ya nyama."

Joram akasogea karibu, akasema chini chini, "Mama, hii ni mambo ya ofisi. Tutaongea baadaye."

"Tutaongea sasa," Mama Milka akasema. "Joram, umesimama hapa, mwili wa babako uko ndani ya nyumba, ukasema unajua huyu mzee. Unamjua ama humjui?"

"Namjua, Mama."

"Na hiyo ofisi, anayekaa hapo ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi ofisi inamjua."

Wazee wakacheka kidogo, hata wale waliokuwa wamelia. Joram akainamisha kichwa. Akasema mbele ya wote kwamba Jumatatu Hemedi aje na picha mbili, kila kitu kingekwisha siku hiyo hiyo. Hemedi akaomba maji, akatawadha, akakaa kwenye kigoda nyuma ya ghala ya mahindi kama saa nzima. Mkono ulipotulia akarudi, akamchinja fahali kwa mkato mmoja, na hakuna aliyebaki na shaka.

Jumatatu Joram alitimiza. Alimwita kutoka nyuma ya foleni, akaijaza fomu mwenyewe kwa mwandiko wa haraka, hakuuliza hata swali moja. Akapaka wino vidole vya Hemedi, akamshikia mkono akivibonyeza kwenye karatasi kimoja kimoja. Hemedi aliona raha iliyomshangaza mwenyewe. Alimnunulia Rehma khanga kabla ya kufika nyumbani, akamwambia kwamba ukiwasema watu mbele ya mama zao, wanasikia.

Kadi ilirudi kutoka Nairobi tarehe thelathini Oktoba. Kibali kilikuwa kinakwisha kesho yake. Joram akamfungulia daftari la kuchukulia, akamwekea kadi juu yake. Ilikuwa ndogo na safi, picha nzuri, jina limeandikwa sawasawa. Hemedi akaigeuza asome nyuma.

Tarafa: Nyakach.

Akasoma tena. Chini yake kata na kata ndogo, na majina yale alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani, kwenye matanga.

"Hii ni nini?"

Joram akatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa. "Nimekubeba, Mzee. Nimekuandika kwetu, chini ya jina ya boma letu. Wewe ni Mjaluo wa Nyakach sasa. Hakuna mtu atakuuliza kitu tena."

"Ulisema mbele ya watu mimi ni mtu wa Kisumu."

"Na Nyakach si iko Kisumu District?"

"Joram!" Alilipiga daftari kwa kiganja, kalamu ikaruka. "Mimi sina mtu Nyakach! Nimefika kwenu siku moja, kuchinja! Nimezaliwa hospitali ile pale, ukitoka nje utaona paa. Kwa nini hukuandika ulivyosema?"

Kwa mara ya kwanza uso wa karani uliingia kivuli, na alipojibu hakuwa na upole wa ofisini. "Ningeandika Mmanyema wa Kaloleni, Nairobi ingerudisha. Nimeona mara ngapi? Faili inaenda, inarudi, mtu anazeeka. Mimi si mbaya, Mzee. Nimekupa nyumbani kwa baba yangu. Ni kitu gani ingine ninaweza kukupa?"

Hasira ikamrudia Hemedi. Angeweza kumpiga mwongo. Mtu anayempa cha kwake hakujua ampige wapi.

"Ukitaka ibadilishwe, sawa," Joram akasema. "Kadi inarudi Nairobi. Utaanza na kamati tena. Ama weka sahihi hapo uchukue. Hapo juu imeandikwa, nimesoma na habari zote ni za kweli."

Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Hemedi akaiona kichwani karatasi ya Bwana Masinde, akaona visu vitatu kwenye gunia, akamwona Rehma. Akaokota kalamu chini. Alikuwa na mwandiko mzuri, baba yake alimsomesha mpaka darasa la saba, na aliliandika jina lake lote, Hemedi Yahya Hamisi, taratibu, chini ya neno kweli.

Kesho yake Bwana Masinde alinakili kadi kwenye kitabu cha vibali. Alipogeuza nyuma akachangamka. "Ala! Kumbe wewe ni mtu wa Nyakach? Miaka hii yote nakuita Mswahili!"

"Andika tu," Hemedi akasema.

Jioni aliketi kitandani, kadi mkononi, Rehma akikunja nguo. Alisubiri mpaka amalize.

"Mama Saumu, hii kadi nitakaa nayo mfukoni. Siku nikianguka barabarani, watu wataitoa waisome, wataona Pap Onditi. Wataniweka kwenye gari wanipeleke huko, na wale watu ni wema, watanipokea na kunichimbia kaburi."

"Mungu apishe mbali."

"Nasema usikubali. Piga kelele, lala mbele ya gari. Waambie baba yangu yuko hapa."

Rehma akasema watamuuliza yeye ana karatasi gani ya kuonyesha zaidi ya hiyo kadi.